Kabla Uweke Whitby Town Kwa Mkeka: Hii Northern Premier League Ni Ligi Gani Kwani?

Unajua ile time Jumamosi saa kumi na mbili jioni inakaribia, EPL ushamaliza kuchagua, Championship ushaweka, na bado odi zako hazijafika mahali unataka. Unaanza kushuka kwa app. Unapita Ujerumani daraja la pili, unapita Uturuki, unapita Ubelgiji. Halafu unapatana nayo: Ashton United dhidi ya Whitby Town. Uingereza, Northern Premier League. Unajiuliza hii Premier League ingine imetoka wapi, alafu kwa sababu wewe ni wewe, unawekea timu ya nyumbani na kusonga.

Leo wacha nikuchoree hiyo ligi vizuri, juu si ligi ya kuchezewa vile unadhani. Bingwa wake wa msimu wa 2024/25, Macclesfield, ndiyo timu iliyofanya wasee wa mpira dunia nzima kushika vichwa Januari 2026, ilipochapa Crystal Palace 2-1 na kuwatoa kwa Kombe la FA. Palace walikuwa mabingwa watetezi wa hilo kombe. Walikuwa wamelima Manchester City fainali pale Wembley miezi nane tu kabla. Na Macclesfield ni timu ya daraja la sita, imetoka tu kupanda kutoka hii ligi unayoiona chini kabisa kwa simu yako.

Turudi nyuma kiasi, tupange hizi ngazi kwanza.

Mpira wa Uingereza ni kama ngazi ya ploti ndefu. Juu kabisa kuna EPL. Chini yake Championship, League One, League Two. Hizo nne zina timu 92 na ndizo zinaitwa ligi za kulipwa kikamilifu. Ukishuka hapo unaingia kwa kile wao wanaita "non-league", jina la kuchanganya kwa sababu kuna ligi kibao huko. Daraja la tano ni National League. La sita inagawanyika mara mbili, National League North na South. La saba inagawanyika mara nne kulingana na mahali timu iko kwa ramani, na ile ya kaskazini ndiyo Northern Premier League. Chini ya hiyo Premier Division yao, ligi yenyewe inaendesha vikundi vitatu vya daraja la nane: East, West na Midlands. Kwa hivyo ukiona "NPL West" kwa app, hiyo ni ngazi moja chini tena.

Premier Division yao ina timu kama 22 hivi, zinacheza nyumbani na ugenini. Bingwa anapanda moja kwa moja. Wa pili hadi wa tano wanaingia mechi za mchujo, mechi moja moja, aliyemaliza juu ndiye mwenyeji, na mshindi wa huo mchujo anapanda pia. Chini nne wanashuka. Nani anaenda wapi akipanda ama akishuka, hiyo si ligi inaamua. Ni FA, kila mwaka, wakiangalia ramani. Timu ya katikati ya nchi inaweza kumaliza msimu kaskazini, isipande, isishuke, na mwaka unaofuata ijipate imehamishiwa ligi ya kusini. Ni kama uamke uambiwe keja yako iko pale pale lakini sasa wewe ni wa kaunti ingine.

Sasa, kwa nini hii ligi iliundwa? Hapa ndipo stori inakuwa tamu, na mkenya yeyote anayejua siasa ataielewa haraka kuliko mwingereza mwenyewe.

Zamani hakukuwa na kupanda kutoka non-league kwenda ligi ya kulipwa. Kulikuwa na kura. Kila mwisho wa msimu, timu nne za mwisho kwa daraja la nne zilikuwa zinasimama mbele ya timu zingine na kuomba zirudishwe, na timu za nje nazo zinaomba kiti. Wanaopiga kura ni nani? Timu zilizo ndani. Yaani mabeste wanapigia mabeste. Unaweza kuwa umeshinda kila kitu huko nje, lakini kama hukunywa chai na wenyekiti wa kutosha, unarudi nyumbani. Mara nyingi sana wale wanne walirudishwa wote.

Kusini walikuwa na afadhali, kwa sababu Southern League ilikuwepo tangu 1894 na ilikuwa na jina. Kaskazini timu nzuri zilikuwa zimetawanyika kwa viligi vya kaunti: Cheshire, Lancashire, Midland. Hakuna mtu London angejua nani ndiye mkali. Ndiyo maana 1968 timu 20 zilijitoa huko na kuunda Northern Premier League, moja kubwa, ili ikifika time ya kura waseme: huyu hapa ndiye bora kaskazini, hamna kisingizio. Bingwa wa kwanza kabisa? Macclesfield Town. Wa pili? Macclesfield tena. Na 1970 wakabeba FA Trophy ya kwanza kuwahi kuchezwa. Kwa hivyo hii timu na hii ligi zinajuana tangu siku ya kwanza.

Wigan Athletic nao walikuwa kati ya hizo 20. Wakashinda ligi mara mbili, wakaomba kiti, wakanyimwa, wakaomba tena. 1978 kura ilikuwa kati yao na Southport waliokuwa ndani. Raundi ya kwanza wakatoshana, 26 kwa 26. Wakarudia, Wigan 29, Southport 20. Wigan wakaingia, na miaka 35 baadaye, 2013, wakachapa Man City kwa fainali ya Kombe la FA. Southport wakatupwa nje, na mahali walitua ni hapo hapo Northern Premier League. Mwaka uliotangulia, Workington walikuwa wamepigiwa kura ya kutoka, kiti kikaenda kwa Wimbledon, na wao pia wakaja hii ligi. Workington hiyo Bill Shankly aliwahi kuifunza kabla aende kuijenga Liverpool. Hawajawahi kurudi juu.

Lakini ya Altrincham ndiyo inauma. Hawa pia ni waanzilishi wa 1968. Ilipofika 1979 timu kubwa za kaskazini na za kusini zikaungana kuunda ligi moja ya taifa, Alliance Premier League, ambayo leo inaitwa National League. Altrincham wakawa mabingwa wake wa kwanza. 1980 wakasimama kwa kura dhidi ya Rochdale. Rochdale 26, Altrincham 25. Kura moja! Na stori inayojulikana huko ni kwamba kuna wajumbe wawili waliokuwa wametoa ahadi kwa Altrincham na siku ya kura hawakupiga. Msee, kama hujawahi kuona IEBC, umeona hiyo.

Hizi kura zilizimwa tu 1987, bingwa wa non-league alipoanza kupanda moja kwa moja. Wa kwanza kufaidi walikuwa Scarborough, pia waanzilishi wa NPL, chini ya kocha Neil Warnock, yule mzee wa mdomo. Na 2003 nafasi zikawa mbili. Hiyo namba mbili iweke kichwani, tutairudia.

Kila kitu kizuri kilichotokea huko juu kiliisukuma Northern Premier League chini. Ilipoundwa Alliance 1979, ikapoteza timu zake bora kwa mpigo na ikawa ngazi ya pili ya non-league. Ilipoundwa Conference North 2004, ikapoteza zingine na kushuka ngazi ingine. Ligi iliyoundwa kuwa mlango wa kaskazini imejipata ni korido. Lakini imekuwa ikijaza nafasi kwa kupanuka upande wa chini: daraja la pili 1987, likagawanywa kaskazini na kusini 2007, na tangu 2021 ni yale matatu niliyokutajia.

Sawa, sasa tuongee vile watu wanaishi huko ndani, juu hapa ndipo wewe wa kubeti unafaa kuskiza.

Wachezaji wengi wana mboka. Mwalimu, fundi wa stima, dereva wa gari la kuchukua taka. Mazoezi ni jioni, mara nyingi Jumanne na Alhamisi, baada ya kazi. Ikiwa kuna mechi Jumanne usiku, mazoezi ndiyo hiyo mechi. Malipo ni ya wiki, na wengi hawana mkataba wa kudumu. Kuna kitu kinaitwa notisi ya siku saba: timu ingine ikitaka mchezaji asiye na mkataba, inaandikia klabu yake barua, inangoja siku saba, kisha inaongea naye. Siku ya nane anaweza kuwa amehama. Kwa hivyo ule mshambuliaji uliona amefunga mabao matano kwa mechi nne na ukaiwekea timu yake, pengine leo anacheza ile timu ingine.

Ongeza na safari. Whitby iko pwani ya mashariki, Workington iko pwani ya magharibi. Hao wasee wanatoka kazini, wanapanda basi, wanavuka nchi nzima, wanacheza kwa baridi, wanarudi usiku wa manane, asubuhi wanaripoti kazini. Ukiona timu ya juu imechapwa ugenini Jumanne usiku na timu ya chini, si lazima mechi iwe imeuzwa. Pengine golikipa alikosa ruhusa kwa mdosi.

Na hali ya hewa. Novemba hadi Februari uwanja unaganda ama unajaa maji, refa anakuja asubuhi, anakanyaga nyasi, anatingisha kichwa. Mechi imeahirishwa. Mkeka wako wa timu kumi na moja unageuka wa timu saba. Halafu hizo mechi zilizoahirishwa zinarundikwa Machi na Aprili, timu inacheza kila baada ya siku mbili na kikosi cha watu kumi na sita. Jedwali la Februari kwa hii ligi linadanganya sana, angalia mechi zilizochezwa kabla ya kuangalia pointi.

Ni huko Jamie Vardy alitoka. Sheffield Wednesday walimwacha akiwa na miaka 16 wakisema ni mfupi. Akaenda Stocksbridge Park Steels kwa hii ligi, analipwa pauni 30 kwa wiki, kama elfu tano za sahii, huku mchana akifanya kazi kiwandani. Kuna wakati alicheza akiwa na kifaa cha polisi mguuni baada ya kesi ya kupigana, na ilibidi mara zingine atolewe uwanjani mapema ili afike nyumbani kabla ya saa aliyowekewa na korti. Halifax wakamchukua 2010, wakashinda hii hii NPL msimu huo, Fleetwood wakamnunua, na 2012 Leicester wakamwaga pauni milioni moja. Miaka minne baadaye ana medali ya EPL. Hiyo stori inajulikana, sitakuchosha nayo. Nitasema tu kwamba watu wanaitumia vibaya, wanaifanya ionekane kama njia iko wazi. Kwa kila Vardy kuna mamia ya wasee waliokuwa na miguu mizuri na bado Jumatatu wako kwa gari la taka.

Doh inatoka wapi? Hakuna pesa ya runinga ya maana huku. Kuna kiingilio, kuna baa, kuna chakula cha siku ya mechi, kuna bahati nasibu ya hamsini kwa hamsini, kuna mdosi wa mtaa ambaye ameweka jina la duka lake kwa ukuta. Timu zenye akili zimeweka nyasi bandia. Uwanja wa nyasi halisi unatumika mara moja au mbili kwa wiki, lakini wa nyasi bandia unakodishwa usiku na mchana, watoto, akademi, wasee wa ofisi. Macclesfield mpya ilijengwa hivyo. Kuna mtego lakini: League Two haikubali nyasi bandia. Sutton na Harrogate walipopanda ilibidi wang'oe uwanja uliokuwa unawalipa bili.

Halafu kuna mdhamini, na hapa cheka kidogo. Kuanzia 1994 hadi 2019 hii ligi ilidhaminiwa na kampuni za gundi, kwanza UniBond, kisha Evo-Stik. Robo karne ya gundi. Leo mashabiki wazee bado wanaiita "UniBond". Tangu 2020 mdhamini ni Pitching In, ambayo ni mradi wa Entain, wenye Ladbrokes na Coral. Yaani kamari. Wanadhamini hii na zile zingine mbili za ngazi hiyo, Southern na Isthmian.

Sasa ona hii. Sheria ya FA tangu 2014 inasema mchezaji yeyote kuanzia EPL hadi daraja la nane haruhusiwi kubeti mpira wowote, mahali popote duniani. Kijana wa Whitby hawezi kuweka hata pauni moja kwa mechi ya Gor Mahia. Lakini wewe uko Umoja unaweza kumwekea yeye, na ligi yake inalipiwa na wenye duka la kubeti. Sisemi Entain wamefanya vibaya, hizo pesa zimesaidia timu ambazo hazingepata mtu mwingine. Nasema tu kijana analipwa kidogo, anazungukwa na odi kila mahali, na anaambiwa asiguse. Uingereza wenyewe wanajua hatari yake: 2014 korti ya Birmingham iliwafunga wafanyabiashara wawili miaka mitano kila mmoja kwa kupanga kuhonga wachezaji wa non-league. Hiyo haikuwa NPL, ilikuwa ligi za kusini, lakini sababu ya kulenga huko ni ile ile. Ni rahisi kununua mtu wa pauni 100 kuliko wa pauni 100,000.

Na kuna kitu kingine kinakuunganisha na hawa wasee bila wewe kujua. Mechi za Jumamosi saa tisa mchana ya Uingereza, ambayo kwetu ni saa kumi na mbili msimu wa baridi, wewe unazitazama kwa base ya mtaa bila shida. Mwingereza aliye nyumbani kwake Manchester hawezi kuziona kwa runinga. Ni marufuku, tangu miaka ya sitini, kuonyesha mpira live kati ya saa tisa kasorobo na saa kumi na moja na robo. Sababu ni nini? Ni ili watu watoke kwa nyumba waende kuangalia timu kama Ashton United. Kwa hivyo kila ukicheki Arsenal wakicheza saa hiyo, kuna msee Uingereza amelipa kama pauni kumi na kusimama kwa mvua akiangalia watu mia nne wakipigia kelele fundi wa stima.

Si wote wanaenda kwa sababu ya marufuku lakini. FC United of Manchester iliundwa 2005 na mashabiki wa Man U waliokataa familia ya Glazer kununua klabu kwa mkopo. Wakasema basi, tunaanzisha yetu. Mwanachama mmoja, kura moja, haijalishi umeweka pesa ngapi. Wakaanza chini kabisa, wakafika NPL 2007, wakiwa bado humo wakatoa Rochdale kwa Kombe la FA 2010, wakashinda ligi 2015 na mwaka huo huo wakafungua uwanja wao, Broadhurst Park, uliojengwa kwa sehemu na hisa za watu wa kawaida. Wakapanda, wakashuka 2019, na wamerudi hapa hapa. Sasa wewe wa Man U unayelia kuhusu Glazer kwa X kila wikendi, hao ndio waliolia na wakafanya kitu. Wamelipa bei yake pia: wana kura lakini hawana doh ya kushindana.

Linganisha na Salford City. Kina Neville, Giggs, Scholes na Butt waliinunua 2014 ikiwa daraja la nane la NPL. Msimu wa kwanza, mabingwa. Wa pili, wakapanda tena kwa mchujo. 2019 wako League Two. Miaka mitano. Wapinzani wao walilia kuhusu mishahara, na hawakuwa na wivu tu. Ukiweka mfuko wa staa wa EPL ndani ya ligi ya bahati nasibu ya hamsini kwa hamsini, kila mtu anayekufuata analazimika kutumia pesa ambayo hana.

Na hapo ndipo timu zinakufa. Macclesfield Town, wale mabingwa wa kwanza, walifika League Two, wakashindwa kulipa mishahara, wakanyang'anywa pointi, wakashushwa, na Septemba 2020 korti ikaivunja klabu ya zaidi ya miaka 140 kwa deni la zaidi ya pauni laki tano. Kwa EPL hiyo ni wiki mbili za mchezaji mmoja. Mfanyabiashara wa eneo hilo akanunua uwanja, akamleta Robbie Savage, wakaanza upya daraja la tisa 2021. Wakapanda, wakapanda, na 2025 Savage kama kocha akabeba NPL na pointi 109. Aliyechukua kiti chake ni John Rooney, mdogo wa Wayne, yule Wayne aliyewafunga Gor Mahia pale Dar 2017 akiwa na Everton. Huyo John ndiye aliyewatoa Palace.

Bury nao, waliobeba Kombe la FA 1900 na 1903, walifukuzwa ligi 2019. Uwanja ukabaki mtupu miaka minne. Sasa wako NPL West. Morecambe, waanzilishi wengine wa 1968, walishuka kutoka League Two 2025, na kiangazi hicho mwenye klabu alikuwa amekwama na mauzo hadi wafanyakazi wakakosa mishahara na ligi ikawasimamisha. Waliokolewa Agosti, siku chache baada ya msimu kuanza bila wao.

Unaweza kufanya kila kitu sawa na bado ugonge ukuta, kwa sababu ya kanuni za uwanja. Kila ngazi ina mahitaji yake: taa, viti vyenye paa, milango ya kuhesabu watu, vyumba vya kubadilishia. Macclesfield walishinda Conference 1995 wakanyimwa kupanda kwa sababu uwanja haukufika kiwango. Gateshead 2024 walimaliza ndani ya nafasi za mchujo wa National League, wakazuiwa kucheza hata huo mchujo kwa sababu uwanja ni wa serikali ya mtaa na hawangeweza kuonyesha karatasi ya kuutumia miaka 10. Wakaenda Wembley wakabeba FA Trophy kwa hasira.

South Shields wao walizuiwa na corona. Msimu wa 2019/20 walikuwa wanaongoza NPL kwa pointi 12. FA wakafuta msimu wote kuanzia daraja la saba kushuka. Si kusimamisha, kufuta, kama haukuchezwa. Wakakata rufaa, wakashindwa. Mwaka huo huo huku kwetu Gor Mahia walipewa ubingwa msimu ukiwa haujaisha. South Shields walingoja hadi 2023 kushinda ile ligi, chini ya Kevin Phillips.

Sahii vita viko mahali pawili. Kwanza, Bunge lao lilipitisha sheria mpya ya usimamizi wa mpira 2025, ikaunda msimamizi huru mwenye nguvu ya kuzuia wamiliki wabaya na kukagua vitabu vya pesa. Lakini anasimamia madaraja matano ya juu tu. Northern Premier League haimo. Timu inaweza kulindwa ikiwa National League, ikashuka ngazi mbili, na ikose mlinzi siku ambayo inamhitaji zaidi. Kuna hoja kwamba klabu ndogo haziwezi kubeba mzigo wa makaratasi, na ni kweli, wengi huendeshwa na watu wa kujitolea. Kwangu hiyo ni sababu ya kuwapa sheria nyepesi. Si sababu ya kuwaacha bila yoyote.

Pili ni ile namba mbili. Tangu 2003, mbili tu ndizo zinapanda kutoka National League, wakati League Two inapandisha nne kwenda juu na inashusha mbili. Timu zote 72 za National League zimekuwa zikipiga kelele chini ya jina 3UP, wakitaka tatu. Inaonekana jambo la huko juu, lakini fikiria maji kwa bomba. Mdomo ukiwa mwembamba, timu zenye pesa zinarundikana daraja la tano, zinasukuma zingine la sita, na la sita linaziba la saba. Kila nafasi moja ikifunguliwa pale juu, kuna nafasi inafunguka hadi Whitby.

Na wenye kupiga kura kuhusu hiyo nafasi ya tatu ni nani? Timu zilizo ndani.